Kinyesi cha Nambari Saba

Jumatatu, 7 Agosti 2006. Kibomet, Kitale.

Leo naanza shajara. Mtu anayekaribia kuwa mkubwa lazima aache kumbukumbu.

Jina: Zachary. Mzaliwa wa Misikhu, mpangaji wa Kibomet, miaka thelathini na miwili. Kazi: kuokota mavi ya kima.

Basi, nimesema. Kwa watu mimi husema ni afisa wa utafiti wa wanyamapori. Si uongo. Wanyama ni wa pori na mavi ni yao.

Mdosi wetu ni Dakta Kabura, binti wa wakulima wa hapa hapa Trans-Nzoia, wale waliotoka huko kwa Wakikuyu zamani. Anasomea shahada ile ya mwisho kabisa, kuhusu minyoo iliyo tumboni mwa kima. Msitu wetu nje ya mji una kima kumi na wawili na kila mmoja ana nambari. Waokotaji ni wawili, mimi na Makokha. Unafika kabla ya jua kutoka. Unasimama chini ya mti waliolalia. Kima akiamka anajisaidia kama Mkristo yeyote. Unachota kwa kijiti, unatia kwenye kijikopo chenye dawa, unaandika nambari yake. Kazi imeisha.

Sasa habari yenyewe. Dakta ametuita asubuhi akatangaza kwamba mradi umepata nafasi moja ya kudumu. Barua yenye muhuri! Ameongeza kwamba kima wote ameshawapima isipokuwa Nambari Saba, lile dume zee lenye sikio lililopasuka, ambalo hujificha likienda haja. Atakayeleta kinyesi cha Saba, barua ni yake.

Hiyo barua ni yangu. Jumamosi ya tarehe 19 naenda Tongaren na wazee wangu kumposa Roselyne. Baba yake, Mzee Wabwile, alishatuma neno kwamba binti yake hatolewi kwa mtu wa vibarua, nije na barua ya kazi mkononi ama nisije. Bila Saba hakuna barua, na bila barua hakuna Roselyne. Nampenda huyo msichana mpaka tumbo linanguruma. Tangu Aprili halijanyamaza.

Jumanne, 8 Agosti

Nimechelewa kidogo. Saa mbili na nusu. Kima wote walikuwa wameshaenda kuiba mahindi mabichi ya watu. Makokha amesimama pale na vijikopo vitano vimejaa, ananitazama kama mwalimu wa zamu.

Ameniuliza kama godoro langu limenunuliwa na gundi. Nimemwambia wengine wetu tunafanya kazi kwa akili, si kwa kuamka. Akasema sawa bana, basi akili ikiamka niisalimie.

Huyu Makokha hulala na kuku na kuamka na jogoo. Halafu kima wote amewapa majina. Saba anamwita Chifu. Anampungia mkono! Nimechukia sana.

Lakini nina mpango.

Jumatano, 9 Agosti

Mpango: ndizi nne zilizoiva, nimezitoboa kwa bomba la sindano na kuzijaza mafuta ya nyonyo, yale ambayo mama alikuwa akitunywesha kila shule zikifungwa ili kutusafisha tumbo. Saba anakula ndizi, Saba hana hata muda wa kujificha, mimi nasubiri chini na kijikopo. Rahisi hivyo.

Nimezitundika kwenye tawi saa kumi na moja asubuhi. Ndiyo, saa kumi na moja! Nikaketi nyuma ya kichaka. Nikafumba macho kidogo tu, kuyapumzisha.

Nilipoamka ndizi hazipo. Maganda manne chini, yamepangwa vizuri. Kima hapangi maganda.

Nimemkuta Makokha kando ya kijito, anajipangusa mdomo. Ati amepata kifunguakinywa kutoka kwa Mungu. 

Alhamisi, 10 Agosti

Makokha hakuja kazini. Ametuma neno kwamba hawezi kuondoka chooni hata kuja kueleza kwa nini hawezi kuondoka chooni. Nimemwombea, kwa kweli. Halafu nikafurahi, kwa sababu msitu mzima leo ni wangu.

Nikachelewa tena! Saa tatu. Mvua nayo ikaanza, ile ya kunyesha kama imetumwa. Kima hakuna. Saba hakuna. Nimezunguka chini ya miti mpaka gambuti zikajaa maji, nikitafuta hata chembe. Kilichokuwepo mvua imekifagia chote. Na Dakta anasubiri saa tano.

Nilikuwa nimekula ugali na omena usiku, vile visamaki vya ziwa, na mboga ya mrenda ya kuteleza juu yake. Tumbo likaniambia ndugu, ni sasa. Nikaingia kichakani. Nilipomaliza nikageuka kutazama, kama kila mtu anavyogeuka, asijifanye hapa.

Nikatazama. Nikafikiri. Kijikopo kilikuwa mfukoni.

Nimeandika: Nambari Saba, saa tatu na dakika arobaini, mkuyu wa kaskazini. Mwandiko wangu leo ulikuwa mzuri sana.

Ijumaa, 11 Agosti

Dakta Kabura ameruka! Mtu mzima, mwenye miwani, ameruka juu mbele ya hadubini.

Amenieleza akihema. Ati Saba ana mayai ya minyoo ya binadamu, yale ya minyoo mirefu ya mviringo, na ni mengi kuliko alivyowahi kuona. Ati hii ni dalili kwamba watu wanauchafua msitu na kuwaambukiza kima. Ameshampigia profesa wake Nairobi. Profesa naye, ati, ameruka huko.

Nikamuuliza, kwa ajili ya elimu tu, kama Saba ni mgonjwa sana. Akasema masikini, lazima tumbo linamnguruma mchana na usiku.

Halafu akanishika bega akasema barua ni yangu kama mambo yatakwenda hivi, ila anahitaji kinyesi cha Saba kila siku kwa siku tano.

Kila siku!

Jumapili, 13 Agosti

Roselyne alikuja Kitale baada ya kanisa. Yeye hufundisha watoto wadogo Tongaren, na watu wazima huwasemesha vile vile. Amenipikia mrenda na ugali kwa jiko langu. Amesema mama yake ameshaanza kufua vitambaa vya makochi kwa ajili ya Jumamosi, na baba yake anauliza kila siku kama barua iko. Nikamwambia iko njiani. Akaniuliza kama ni ya kweli. Nikaapa.

Akasema ananiamini. Nilitaka kulia, lakini nilikuwa natafuna.

Jumatatu, 14 Agosti

Mtu asidhani hii ni kazi rahisi. Kila asubuhi, kwa amri ya sayansi! Jumamosi kidogo nishindwe kabisa. Jana jioni nimekula maharagwe, mapapai na nusu kilo ya njugu, kama mzazi anayenyonyesha. Mimi sasa ndiye kima aliyeajiriwa.

Dakta ameona mifupa midogo kwenye kijikopo. Amesema inafanana na ya omena. Akauliza kima ametoa wapi omena. Nikasema hawa kima wa siku hizi ni wezi sana, wameshafika sokoni. Ameandika! Nimeona kwa macho yangu akiandika.

Makokha amerudi, amekonda, shingo kama ya bata. Amesema ajabu ni kwamba Chifu alikuwa upande wa kusini asubuhi yote, mbele ya macho yake. Nikasema basi alikuja kaskazini mbio, akajisaidia, akarudi. Makokha akasema hm. Hiyo hm sikuipenda.

Halafu pigo. Dakta amesema kwa vile minyoo ni ya binadamu, lazima ajue ni binadamu gani. Wafanyakazi wote, mimi na Makokha, Jumatano tulete vinyesi vyetu wenyewe. Ametugawia mikebe. Wangu una jina langu juu.

Nikileta changu atajua. Mayai yale yale, omena ile ile!

Jumanne, 15 Agosti

Nimepata. Wakati mwingine akili yangu inanitisha.

Kama cha Saba ni changu, basi changu kitakuwa cha Saba.

Nimeamka saa kumi. Sijawahi. Nimefika kabla ya Makokha, nimepanda mpaka kusini, nimesimama chini ya mti bila kuketi, bila kufumba jicho, mbu wananila masikio. Saa kumi na mbili na robo lile zee lenye sikio lililopasuka limeamka, limejikuna, limetazama huku na huku kama shemasi, halafu likanipa. Safi! Moja kwa moja! Nimechota kwa kijiti kama nilivyofundishwa, sijapoteza hata punje.

Hiyo ndiyo siku moja niliyofanya kazi hii jinsi inavyotakiwa. Nimekitia kwenye mkebe wenye jina langu.

Alhamisi, 17 Agosti

Dakta ameniita peke yangu, akafunga mlango. Aliketi mbali kidogo. Sauti yake ilikuwa ya hospitali.

Amesema Makokha yuko safi kama sahani. Mimi, hapana. Mimi nina minyoo ya kima, ile ya kufanya vinundu kwenye utumbo. Na si kidogo. Na mbegu za mkuyu. Akaniuliza kwa upole kama huwa ninakula matunda ya msituni. Nikasema wakati mwingine, nikiwa na mawazo.

Ati mtu mwenye minyoo hiyo hajawahi kumwona maisha yake yote. Ati profesa hajalala. Saba ana minyoo ya mtu, mimi nina minyoo ya kima, tumebadilishana! Amesema ataniandika kwenye kitabu chake, bila jina, kwa heshima.

Nikauliza habari ya barua. Akacheka, akasema barua imeshapigwa muhuri, nisijali. Ila lazima ajue kama nimewaambukiza wengine. Nakula na nani? Nikasema nakula peke yangu. Akasema kila mtu ana mtu. Nikasema, basi, Roselyne, lakini Roselyne anaishi kwao Tongaren, mbali.

Akasema hakuna mbali. Atakwenda Jumamosi na gari la mradi, na mikebe ya nyumba nzima, na barua yangu ataniletea huko huko, anipe mbele ya wakwe ili nipate heshima.

Nimemwomba asije. Nimemwambia barabara ni mbaya, kuna matope, kuna mbwa. Akasema yeye amezaliwa kwa matope.

Ijumaa, 18 Agosti

Nimefikiri siku nzima. Sina mpango. Nimefunga na kuomba mvua ivunje daraja. Jua limewaka mpaka jioni.

Jumamosi, 19 Agosti. Misikhu, kwa mama.

Naandika nikiwa chini ya kitanda. Si kwa hofu. Ni kwa sababu watu wanapita dirishani kunitazama.

Asubuhi ilikuwa tamu. Anko Kundu, ndugu ya marehemu baba, alituongoza na kofia yake ya Krismasi. Tulikaribishwa vizuri Tongaren. Makochi yana vitambaa vyeupe kama mawingu ya Elgon. Mama Roselyne, kama inavyotakiwa, alikaa jikoni. Kwetu mama mkwe na mkwe hawakutani ovyo. Hamtazamani usoni, hampeani mikono, na mambo ya choo hayatajwi hata kwa mafumbo. Mkwe akibanwa kwa wakwe zake huenda kujisaidia kwa jirani wa tatu, au hufa.

Mzee Wabwile akauliza kazi yangu. Anko Kundu akajibu kwa sauti ya mbunge: afisa wa utafiti. Mzee akauliza barua. Anko akasema inakuja kwa gari. Kwa gari! Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Roselyne alichungulia mlangoni akatabasamu. Hapo ningekufa, ningekufa mtu.

Gari likaja.

Dakta Kabura akashuka na boksi. Akasalimia kila mtu mkono. Akasema anawaletea habari njema na habari nyingine. Njema, hii hapa barua, kijana wenu ameajiriwa. Wakapiga makofi! Wakapiga makofi kabisa! Ile nyingine, ati, kijana wenu ana minyoo ya kima.

Mzee Wabwile alimwomba arudie, labda hajasikia vizuri. Akarudia polepole, kwa Kiswahili sanifu.

Kisha akaanza kugawa mikebe. Mmoja kwa Mzee, mmoja kwa shangazi, mmoja kwa Anko Kundu aliyeupokea kama mtu aliyepewa nyoka. Halafu akauliza mama wa nyumba yuko wapi. Yeye ni mgeni wa desturi zetu, hakuna aliyemwambia. Akaingia jikoni mwenyewe, akamtoa Mama Roselyne kwa mkono mpaka sebuleni, na shuka kichwani, macho chini.

Akanigeukia mbele ya wote. Akasema Zachary, wewe ni mtaalamu, mwonyeshe mama jinsi ya kuchota, halafu jioni upite umchukulie mkebe wake.

Anko Kundu alivua kofia akaifunika usoni. Mkebe ulikuwa mkononi mwangu. Mama Roselyne alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, na miguu yake ilikuwa inarudi nyuma kidogo kidogo. Nikaona hiyo miguu. Mama wa watu hajanikosea kitu.

Nikasema.

Nikasema yote, mbio, nikitazama dari. Kwamba hakuna mtu mwenye minyoo ya kima hapa. Kwamba kinyesi cha Nambari Saba ni changu, siku zote tano, na changu ndicho cha Nambari Saba. Kwamba omena pia ni yangu. Ilikuwa kumwokoa mama wa watu, lakini nilipomaliza nikagundua kwamba nimemtajia mama mkwe mavi yangu kwa siku, kwa saa, na kwa chakula nilichokula.

Mama Roselyne alipiga yowe moja akatoka kwa mlango wa nyuma, akakata shamba la mahindi. Anko Kundu aliondoka bila kofia. Shangazi alianza kuimba wimbo wa kanisa, sijui kwa nini.

Na Dakta akaketi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema taratibu kwamba ameshampelekea profesa matokeo yote. Aliikunja barua mara mbili akairudisha kwenye mkoba. Nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Roselyne aliokota mikebe mmoja mmoja akaipanga ndani ya boksi.

Jumatatu, 21 Agosti. Kibomet.

Nimefutwa. Nafasi amepewa Makokha. Alinipa mkono, akasema pole bana, na kwamba Chifu ananisalimia.

Dakta ameanza upya kuwapima kima wote kumi na wawili, kutoka wa kwanza, kwa sababu sasa haamini kijikopo chochote. Miezi minane ya kazi. Nilimpelekea mayai kumi na mawili ya kuku kumwomba msamaha. Aliyatazama kwa muda mrefu sana kabla ya kuyapokea, akauliza kama ni ya kuku kweli.

Jumapili, 27 Agosti

Roselyne amekuja! Alibisha mlango, akakataa kuketi.

Nilidhani amekuja kunirudishia leso niliyomnunulia. Lakini ameniambia kwamba baba yake alikaa siku tatu bila kusema, na siku ya nne alipokuwa anakamua ng'ombe akaanza kucheka, akacheka mpaka ndoo ikamwagika. Mama yake bado hawezi kupita mbele ya mti wowote bila kunikumbuka, ila hajakataa. Wazee wamekaa wakasema: aliyesema ukweli mbele ya mama mkwe kwa kumwonea huruma si mtu mbaya, ni mtu mjinga. Nirudi Desemba. Barua ya kazi wameisamehe. Nilete tu karatasi ya hospitali inayosema tumbo langu ni safi.

Akaniwekea vidonge viwili mezani. Meza leo, akasema, subiri wiki mbili, halafu nenda ukapimwe. Vidonge viwili na wiki mbili, Zachary. Hata watoto wangu wa darasa la chekechea wanaweza.

Akafika mlangoni akageuka, macho yamejaa machozi. Akasema ameshapigana na ukoo mzima kwa ajili yangu na hana nguvu ya kupigana tena. Akasema, "Safari hii ulete chako, si cha mtu mwingine."

Nimelia kama mtoto. Nimemwahidi. Nimeapa kwa Biblia ya mama na kwa kaburi la baba. Kuanzia leo mimi ni mtu mpya.

Jumatatu, 28 Agosti

Vidonge ni vikubwa kama vifungo vya koti. Nimevitazama jana yote. Na wiki mbili ni nyingi jamani, kwa mtu anayependa kama mimi. Kwa nini Roselyne ateseke kungoja karatasi wakati naweza kuipata kesho?

Nimemtembelea Makokha. Tumbo lake linajulikana ni safi, limepimwa na daktari. Nimemweleza shida yangu kama mwanamume kwa mwanamume. Alifikiri kidogo, akasema mkebe mmoja, jogoo mmoja. Nimetoa jogoo wangu mwekundu, yule mkubwa. Mkebe uko hapa mezani, umefungwa vizuri, na hospitali wanafungua saa mbili.

Roselyne alisema nilete changu. Nimekinunua kwa jogoo mzima. Sasa hicho kama si changu, ni cha nani?